Vioo vya Upande wa Magharibi

Nilimgombeza mume wangu mchana kweupe, naye amelala kitandani, ulimi mzito, upande mzima wa kulia hauna nguvu, hawezi kunijibu hata neno. Sijifanyi mtakatifu. Nilimwambia maneno niliyokuwa nimeyaweka kifuani tangu tulipohamia nyumba hii ya mtaa wa Wabera.

"Umeona sasa? Umeona hizi vioo zako?"

Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Februari. Jua lilikuwa limeingia kupitia madirisha mawili ya sebule, limevuka zulia, limempanda miguuni na sasa lilikuwa linaelekea tumboni. Shuka niliyombadilishia baada ya chakula cha mchana ilikuwa imelowa jasho tayari. Mgongoni, chini kidogo ya kiuno, alikuwa na kidonda cha kulalia kikubwa kama kifuniko cha soda. Asubuhi ile ile nesi aliyekuwa akija kumsafisha kidonda alikuwa ameniambia kwamba nisipomweka mahali pakavu penye ubaridi, kidonda kitafika mfupani, na kikifika mfupani nisije kumlaumu mtu. Lakini mimi nilikuwa nataka mtu wa kulaumu, na alikuwepo pale mbele yangu, ananitazama.

Nieleze kwanza kilichoniuma zaidi. Mimi ni muuza miraa. Nimeuza miraa mjini Isiolo tangu kabla barabara ya Moyale haijatiwa lami, na kama kuna mtu anayejua kumficha mtu jua, ni mimi. Miraa ina madeko kuliko mtoto wa kwanza. Inateremka kutoka milima ya kwetu ikiwa imefungwa kwa majani ya migomba, juu yake gunia, juu ya gunia maji ya kunyunyiza. Ikipigwa na jua nusu saa, ncha zinalegea. Ikipigwa saa nzima, wape mbuzi. Wateja wangu wanajua kwamba kilo iliyofika kwangu saa nane itakuwa na ubichi wake saa mbili usiku, na wapo wanaovuka meza za wenzangu kumi kuja kwa sababu hiyo. Halafu mwanamke huyo huyo, aliyesifiwa mji mzima kwa kulinda majani yasinyauke, alikuwa ameishi miaka sita chini ya mabati matupu, ndani ya nyumba yenye vioo kama duka la saa. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi nilikuwa nimefika mahali pa kumzika mgonjwa.

Nyumba ile aliijenga mume wangu alipostaafu. Alikuwa karani wa masjala katika ofisi ya serikali, mtu wa mafaili, mtaratibu, mwenye shati la mikono mirefu hata wakati wa kiangazi. Sikuwahi kumsikia akitaka kitu kwa nguvu mpaka siku alipochora ile nyumba kwenye karatasi ya mistari. Alichora kwanza madirisha, kisha ndipo akayazungushia kuta. Mawili makubwa, upande wa magharibi, yanayotazama barabara.

"Upande huo ndiko jua linakotua," nikamwambia. "Jua la asubuhi lina huruma. La jioni halina."

"Nataka mwangaza," akasema.

"Mwangaza unao Isiolo nzima. Toka nje usimame."

Hakucheka. Alikwenda kuongea na fundi, na fundi, ambaye kazi yake ni kusema ndiyo, akasema ndiyo. Madirisha yakatengenezwa kwa fremu za chuma, vioo vikabanwa kwa pati, ile gundi nzito ya mafundi, pande zote, bila bawaba, bila komeo, bila sehemu hata moja ya kufungua. Sababu ilikuwa vumbi. Matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo kila nyumba inayo, nayo akayaziba, sababu ikiwa vumbi tena. Dari hatukuweka, kwa kuwa alisema tutaweka baadaye, na baadaye ni mgeni asiyefika. Kwa hiyo juu tulikuwa na mabati, mbele vioo, na katikati sisi, tumewekwa kama mkate kwenye tanuri.

Lakini hayo yote ningeyasamehe. Nisichokisamehe ni mti.

Palikuwa na mwarobaini upande ule wa magharibi, mkubwa, umeanza kuota kabla sisi hatujanunua kiwanja. Jirani yetu wa karibu ni mama mzee wa Kiislamu, mjane wa mwenye malori, wa zile familia ambazo babu zao waliletwa huku wakiwa askari na hawakurudi tena kwao. Mtaa mzima tunamwita Hajia. Marehemu mume wake alikuwa na kawaida ya kukaa chini ya mti ule akingoja lori lipoe, na Hajia mwenyewe alikuwa akichambulia mchele hapo. Mume wangu akaukata. Akaleta watu wenye shoka, asubuhi, mimi niko sokoni. Niliporudi nilikuta kisiki na majani yametapakaa barabarani, mbuzi wanayanusa na kuyaacha.

"Ulikuwa unaficha nyumba," akasema.

"Mti ndio ulikuwa nyumba," nikamwambia.

Hajia hakuja kwetu kwa miezi minne. Alikuwa akipita barabarani anasema salaam aleikum kwa sauti ya mtu anayelipa ushuru, kisha anaendelea na safari yake.

Basi tukaishi humo. Sebule ile ikawa ya asubuhi tu. Ikifika saa saba tulihama kama watu wa malisho, viti mkononi, kwenda nyuma ya jikoni penye kivuli cha tangi la maji. Mshumaa niliouweka juu ya kabati kwa ajili ya siku za stima kupotea ulijikunja ukainama kama mzee anayesali. Sofa zangu za rangi ya damu ya mzee zikawa za waridi upande mmoja, nyekundu upande mwingine. Wageni wa kanisani wakija mchana walikaa dakika kumi, wakafuta shingo, wakakumbuka kwamba wana safari. Mume wangu peke yake ndiye aliyebaki humo. Alivuta kiti mpaka karibu na kioo, akakaa na shati lake la mikono mirefu, jasho linamtiririka, anatazama barabara. Nami nikitoka sokoni, kabla sijaweka kikapu chini, aliniuliza swali lile lile alilokuwa akiniuliza kila jioni tangu tulipooana.

"Leo kulinyesha?"

Isiolo! Mahali ambapo mtoto anaweza kufika darasa la pili bila kujua kazi ya mwavuli. Miaka yote ile alikuwa akirudi kazini, anavua viatu, anauliza kama kulinyesha, na mimi niliona ni mzaha wa mtu asiyejua mizaha mingine. Nilizoea kumjibu, "Kulinyesha vumbi." Alipostaafu aliendelea kuuliza, nafikiri kwa mazoea.

Kisha kiharusi kikampata. Asubuhi moja kikombe kilimponyoka, akainama kukiokota na hakuinuka. Hospitalini walimweka wiki tatu, wakanirudishia akiwa na upande mmoja na maneno sifuri. Kiti chake cha magurudumu hakikupita mlango wa chumba cha kulala, na hata kama kingepita, aliinua mkono wa kushoto akaonyesha sebule. Nikamwonyesha chumba. Akaonyesha sebule. Mtu hawezi kusema "maji" lakini anaweza kubishana! Nikaweka kitanda sebuleni, kwenye ukuta wa mashariki, kikitazama vile vioo, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine ya kitanda.

Tangu siku hiyo vita vyangu vilikuwa vya ngozi yake. Kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumkausha, kumpaka mafuta, kumnywesha maji kwa kijiko. Hajia alisikia, akaja. Alivuka barabara, akapita juu ya kisiki bila kukitazama, akaingia akisema, "Salaam aleikum, yuko wapi huyo adui yangu?" Akamshika kwa mabega, mimi nikamshika kwa kiuno, tukamgeuza. Alikuja kila siku baada ya hapo, na mchana nikiwa sokoni yeye ndiye aliyekuwa naye. Lakini ngozi ni ngozi. Ikichemshwa mchana kutwa na jasho inafunguka. Kidonda kikaanza kama alama nyekundu, kikawa lengelenge, kikawa kile kifuniko cha soda.

Feni ilipuliza hewa ile ile ya moto kutoka ukuta huu mpaka ule. Nikanunua mapazia mazito ya kitambaa cha mahameli, ya kijani, nikayafunga saa sita kila siku. Ndani pakawa giza na bado pakawa moto. Ukiweka mkono kati ya pazia na kioo ulikuwa kama umeuingiza kwenye jiko la mkaa. Nikayamwagia maji. Chumba kikawa kama mahali pa kupikia matumbo, na mume wangu akaanza kuhema.

Nikaita fundi, yule yule wa ndiyo. Nikamwambia aniwekee dari ya plaiwudi, na juu yake tutandike majani ya migomba, mabichi, tabaka kwa tabaka, kisha magunia yaliyolowa. Ninayo majani bure, kila siku natupa mzigo mzima. Kama yanalinda miraa, yatashindwaje kulinda mwanadamu?

Fundi alijikuna kichwa. "Sijawai ona hiyo kitu, mathe."

"Umeona wapi nyumba haina hata dirisha moja ya kufungua? Na ulijenga."

Akapanda. Siku ya kwanza ilikuwa kama muujiza. Ubaridi ulishuka kutoka juu, na mzee alilala usingizi wa kweli mpaka saa kumi, shuka kavu. Nilimpigia simu binti yetu aliye Nairobi nikajisifu. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya nne kukawa na harufu kama ya pombe ya mtu maskini. Siku ya tano nzi. Siku ya sita nilikuwa nimeinama namlisha uji, tone moja la maji ya kahawia likatoka kwenye kiungo cha plaiwudi, likamwangukia kwenye paji la uso, likateremka mpaka kwenye nyusi. Akafumba macho. Akafungua, akanitazama, kisha akatazama dari.

Nilipiga kelele mpaka Hajia akaja akikimbia bila viatu. Alisimama mlangoni, akatazama juu, akashika mdomo, halafu akashindwa, akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wallahi umefunga nyumba kama kilo ya miraa ya kangeta!"

"Si inafanya kazi kwa miraa?"

"Miraa yako inangoja siku moja, kesho imetafunwa imekwisha," akasema akijifuta machozi. "Huyu mzee si atangoja zaidi?"

Sikucheka. Nilikuwa na hasira na majani, na fundi, na Hajia, na ukweli wake. Ni kosa ambalo muuza miraa peke yake anaweza kulifanya: kusahau kwamba kila alfajiri anabadilisha majani. Tuliyateremsha mchana kutwa, yameoza, yananata, na kidonda siku hiyo kilikuwa kimeanza kutoa maji. Nesi alikisafisha, akakifunga bandeji mpya.

Hapo ndipo nilipoamua kuyaziba madirisha.

Nilimwambia fundi alete bloku na simiti, avitoe vioo, ajenge ukuta juu mpaka chini. Mume wangu alikuwa anasikia. Nilisema kwa sauti makusudi. Fundi akaanza na dirisha la kushoto, akakwangua pati, akakishusha kioo, akakiegemeza ukutani nje. Kwa muda upepo ukapita humo ndani kwa mara ya kwanza tangu nyumba ijengwe, na nakumbuka niliukasirikia hata upepo: ulikuwa wapi wewe? Kisha bloku zikaanza kupanda. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee akatoa sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa kama mtu anayevuta kitu kizito. Nikamwambia anyamaze, ni kwa faida yake. Safu ya sita ilipofika, sebule ikaingia giza upande ule, na kwa vile pazia la dirisha la pili lilikuwa limefungwa, fundi hakuona vizuri, akanyoosha mkono akawasha taa. Saa nane mchana.

Mume wangu akatazama taa ile. Kisha akageuza uso ukutani, peke yake, yeye ambaye tulikuwa tunamgeuza watu wawili, na mabega yakaanza kumtikisika.

Niliwahi kufika ofisini kwake mara moja tu maishani. Alikuwa amesahau kitambulisho nyumbani, nikampelekea. Masjala ilikuwa chumba cha katikati ya jengo, kati ya ofisi za wakubwa zilizochukua pande zote za nje. Kuta nne, rafu za mafaili mpaka juu, meza, kidau cha wino, na taa ndefu ya kunguruma iliyowashwa saa nne asubuhi. Hapakuwa na dirisha hata la ukubwa wa kitabu. Nilikaa dakika tano nikasikia kama napungukiwa pumzi, nikatoka. Yeye alikuwa ameingia humo kijana, kabla hatujajuana, na alitoka mzee. Aliingia asubuhi jua likiwa chini, akatoka jioni jua likiwa chini.

Leo kulinyesha? Hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa hajui. Ningeweza kumwambia kulinyesha mawe, au kulipita ndovu barabarani, na angeamini, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua. Mimi niliyekuwa nje mchana kutwa, ninalijua jua kwa jina, nilimjibu vumbi, vumbi, vumbi.

Msidhani hasira yangu ilitulia. Ilipanda. Nilimkasirikia mwenye ramani ya jengo lile, ambaye aliwapa wakubwa mwangaza na kumpa karani balbu. Nilijikasirikia mimi mwenyewe mpaka meno yakaniuma. Na yeye pia nilimkasirikia, yeye zaidi. Nilizunguka kitanda nikapiga magoti upande aliogeukia.

"Mbona hukusema?" nikamfokea. "Miaka yote hiyo, mdomo ulikuwa nao! Mbona ulisema mwangaza, hukusema kwa nini?"

Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja, la kushoto. Nikayafuta na pindo la leso yangu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Fundi alikuwa amesimama na mwiko mkononi, simiti inadondoka kwenye zulia.

"Mathe, tunaendelea ama tunabomoa?"

"Bomoa."

"Lakini si ulisema..."

"Nimesema bomoa! Kabla haijakauka!"

Akabomoa, akinung'unika kwamba hii familia haijui inataka nini. Alikuwa na haki. Nilitaka vitu viwili visivyokaa chumba kimoja, mgongo mkavu na dirisha wazi, na sikujua nitavipataje. Kwa siku nne tundu lile lilibaki na shuka tu imening'inizwa. Vumbi liliingia, uji ukawa na mchanga. Kidonda hakikupungua. Nesi aliuliza kama nimefikiria kumrudisha wodini, na nilielewa alichokuwa anauliza.

Jibu nililipata sokoni, nikimtukana mtu mwingine.

Kulikuwa na muuzaji mgeni, mwanamume wa makamo aliyefungua biashara mkabala na meza yangu. Aliona sisi ni watu wa zamani, majani na magunia. Akatengenezewa kabati la kioo pande zote, akapanga miraa yake ndani kama keki, na nyuma ya kioo akaweka kitambaa cheupe cha kuifunika. Watu walisimama kutazama. Kufikia saa tisa miraa yake ilikuwa imelala kama nywele zilizonyeshewa. Alikuwa akiinua kile kitambaa, anaipuliza, anakirudisha. Nilivumilia, nikashindwa, nikavuka.

"Wewe mtu, unafunika nini sasa? Jua imeshaingia! Imeingia kwa kioo, imekaa ndani, unaifunikia hapo hapo na miraa. Kivuli unaweka huku nje, kabla jua iguse kioo. Nje!"

Nilikuwa nimeinua mkono kuelekea gunia langu mwenyewe, lile linalotoka mbele ya meza kwa miti miwili, linaloshuka mshazari, ambalo nimeketi chini yake nusu ya maisha yangu. Nikausahau mkono huko juu. Mahameli ya kijani! Nilikuwa nimelifungia jua ndani pamoja na mume wangu na kuwavutia pazia. Yule mgeni aliuliza kama naumwa. Nilimwachia mwenzangu wa meza ya pili meza yangu, nikapanda boda kurudi nyumbani nikiwa na magunia kumi na mawili mgongoni, na dereva alilalamika njia nzima kwamba haoni nyuma.

Kesho yake fundi alichimbia miti minne nje, hatua mbili kutoka ukutani, akaipachika fito. Tukashona magunia kwa sindano ya mzigo, tabaka mbili, tukaacha nafasi ya kiganja kati ya tabaka na tabaka ili hewa ipite. Tukayatandaza kutoka juu ya dirisha yakishuka mshazari mpaka usawa wa kifua cha mtu aliyesimama. Jua la alasiri likawa linatua kwenye gunia na kuishia hapo. Likiteremka zaidi, linakutana na ukuta wa ghala la malori la Hajia. Vioo akavirudisha kwenye fremu mpya zenye bawaba, na wavu ndani yake. Matundu ya hewa akayazibua. Juu ya plaiwudi, mahali pa majani, akatandika zile karatasi nene za kung'aa kama fedha wanazouza madukani kwa ajili ya mabati. Aliziacha mbali na bati, na kwenye ncha zote mbili za paa akatoboa njia ya hewa ya moto kutoka. Nilisimama chini nikimhesabia kila msumari.

"Mathe, hunitrust?"

"Kunyamaza ndio kuliniletea hizi shida. Endelea."

Na dirisha likabaki dirisha. Kutoka kitandani, chini ya pindo la gunia, mume wangu aliona barabara ya Wabera kuanzia kiuno kushuka. Aliona viatu, magurudumu, miguu ya mbuzi, mabuibui, sketi za shule. Baada ya wiki mbili aliwajua watu kwa viatu. Hajia akikaribia mkono wa kushoto uliinuka kabla hajafika mlangoni.

Sikuambiwa na mtu yeyote kwamba tumeshinda. Nilijua kwa shuka. Niliigusa saa kumi nikaikuta kavu. Kidonda kikaacha kutoa maji, kikawa chekundu, kikaanza kujifunga kutoka pembeni, polepole kama duka la mtu mvivu. Nesi alikipima kwa kidole, akaandika kwenye kitabu chake. Hajia naye alileta mche wa mwarobaini kwenye kopo la mafuta, akaupanda kando ya kile kisiki bila kuomba ruhusa. Akaingia ndani, akamsimamia mume wangu kichwani.

"Huu ukikata, mimi nakata hiyo mkono imebaki."

Mume wangu akatabasamu upande mmoja. Mimi sikutabasamu. Watu huniambia hasira hasara, na huenda kwao ni kweli. Mimi nilikuwa na mti, mtu akaukata, na hata huu mche ukifaulu, kivuli chake kitafika kwenye dirisha wakati mimi nimeshazikwa. Nitakasirika mpaka hapo.

Mvua ilikuja mwishoni mwa Machi. Ilinikuta sokoni, jioni, bila hata karatasi ya kujifunika kichwa, na hapakuwa na boda iliyokubali kusimama. Nilitembea mpaka nyumbani. Nilifika leso imenigandama, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi kwa sababu tope lilikuwa limekivua, kikapu kimejaa maji. Hajia alikuwa ameshakwenda kuswali. Nikasukuma mlango. Dirisha lilikuwa wazi, wavu unadondosha matone, na mume wangu alikuwa ameinua shingo kutoka kwenye mto, macho makubwa. Mdomo ulijaribu mara ya kwanza ukashindwa. Akameza mate, akajaribu tena. Hakuwa amesema neno tangu kikombe kimponyoke.

"Leo," akasema. "Leo... ku-me-nye-sha."

"Nyamaza!" nikamwambia. "Unadhani sijui? Nimelowa mpaka kwa mifupa, matope imenivua kiatu, na wewe unaniambia imenyesha!"

Akaendelea kunitazama, anangoja. Nikaweka kikapu chini. Nikaketi sakafuni karibu na kichwa chake, mbali kidogo na kitanda, nisije nikailowesha shuka.

"Haya," nikamwambia. "Ilianza saa ngapi?"